Mstari wa Chini wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kwenye kiwanda cha uchapaji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Rula, naye aliitika kama ndilo alilozaliwa nalo. Kwa miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, dude la chuma lenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo moja: karatasi iingie na kingo zilizotafunwa, itoke imenyooka. Alichukua rundo, akaligonga mezani upande huu, akaligonga upande ule, akalipuliza, kisha akafumba jicho moja. Ukimwambia amepinda unywele mmoja, anakuuliza unywele wa nani. Marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na mtu ambaye hata kukoroma anakoroma kwa mstari.

Mtu wa namna hiyo akikosea, hakosei kidogo kidogo kama sisi wenzake tunaokosea kila siku tukazoea. Yeye huweka akiba.

Kosa hili lilianza miaka kumi na minane nyuma, siku jua lilipopatwa. Mji mzima ulitoka nje. Redio ilikuwa imetisha watu wiki nzima: ukitazama kwa macho makavu unapofuka. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa na miaka sita, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alishinda naye kiwandani. Rula aliwaza sana usalama wa macho ya mwanawe. Akawaza, akawaza, na wazo lililotoka ndilo hili: akamwingiza kwenye stoo ya karatasi, chumba kisicho na dirisha, akamkalisha juu ya marundo, akamwambia, "Nakuja sasa hivi," akasukuma komeo.

Halafu akatoka nje, akaomba kioo cheusi kwa fundi wa kuchomelea aliye ng'ambo ya barabara, akainua uso.

Alichokiona hakukisahau. Jua liliumwa pembeni kama biskuti, likaendelea kuliwa, na ghafla likaisha lote. Nyota zikatoka saa sita ya mchana. Taa za barabarani zikawaka zenyewe. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa nusu kichwa, wote wawili midomo wazi. Dakika tatu nzima. Rula alilia machozi na hakujua analia. Na katika dakika hizo tatu, na nyingine nyingi baadaye za watu kupigana mabega na kuulizana umeona, umeona, hakukumbuka hata mara moja kwamba ana mtoto.

Alipofungua komeo, binti alikuwa amekaa palepale alipoachwa, mikono mapajani.

"Limekwisha?" akauliza.

Angelia ingekuwa nafuu. Angemnunia wiki nzima, Rula angejua la kufanya, maana watoto wakinuna wananunuliwa pipi mambo yakaisha. Lakini yule mtoto alikuwa akiuliza tu, kwa adabu, kila jioni: lilikuwaje, baba? Na Rula, kwa aibu, akadanganya. Akasema halikuwa jambo kubwa. Kama wingu tu, mama, wingu linapita. Kumbe siku ya tatu mtoto akasimuliwa na wenzake habari za nyota za mchana, akarudi akamtazama baba yake. Rula akayumba. Akaahidi kitu ambacho mtu mwenye akili timamu haahidi. Akasema, "Litarudi. Likirudi, tutalitazama mimi na wewe."

"Lini?"

Sasa hapo ndipo mwalimu anapoingia.

Mwalimu huyu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumtuliza. Wiki mbili baada ya siku ile alileta kiwandani kijitabu alichokiandika mwenyewe kuhusu mizunguko ya jua na mwezi, kurasa thelathini na mbili, nakala mia tatu. Kikapangwa, kikachapwa, kikaja kwa Rula kukatwa. Na Rula, mtu wa milimita, ambaye siku zile usingizi ulikuwa umemhama kwa sababu ya macho ya mtoto, akaweka kipimo vibaya. Kisu kikashuka. Nakala zote mia tatu zikapoteza mstari wa mwisho wa ukurasa wa kumi na tisa. Kurasa nyingine maandishi yalikuwa yameanzia juu, zikapona.

Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wake, alifungua moja, akasoma akiwa amesimama, akafika ukurasa ule. Hakupandisha sauti. Alimwonyesha kwa kidole pale sentensi ilipokatiwa miguu.

Rula angeweza kusema samahani. Ni neno jepesi, hata mtoto anaanza nalo. Lakini alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mashine yake, na mwenye kiwanda, mama mmoja mnene wa sauti na mwembamba wa mwili waliyemwita Mama Mashine, alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, amewapa mgongo, mashine zikinguruma. Akasema, "Mwalimu, ni mstari mmoja. Nani atauona?"

"Atakayeuhitaji," mwalimu akajibu. Akabeba maboksi yake akaondoka.

Baadaye ilisikika kwamba anaandika mstari ule kwa kalamu, kwa mkono wake, nakala baada ya nakala. Rula alipata habari hiyo kwa kinyozi, na tangu siku hiyo akaanza kumkwepa. Akimwona sokoni, anakumbuka ghafla kwamba hakuja kununua nyanya. Akimwona barabarani, anavuka. Miaka kumi na minane mtu anavuka barabara! Kama angevuka kwa upande mmoja tu, siku hizi angekuwa nchi nyingine.

Lakini nakala moja, iliyochafuka wino, alikuwa amejiwekea. Usiku wa siku mwalimu alipobeba maboksi yake aliisoma, na ukurasa wa kumi na tisa ukampa alichokuwa akikitafuta. Kila kupatwa kwa jua kuna ndugu zake, mwalimu aliandika. Jua, mwezi na dunia hurudi kukaa mkao uleule, na kupatwa kulekule hujirudia baada ya miaka kumi na minane na siku kumi na moja. Hapo ukurasa ulikwisha, na maneno yalikuwa yametulia kama mtu aliyeshiba. Kwamba chini yake kulikuwa na mstari mwingine, aliokata yeye mwenyewe na kuonyeshwa kwa kidole mchana uleule, hilo hakutaka kulifikiria: ni mstari mmoja tu.

Asubuhi alimchukua binti mpaka kiwandani, akapiga hesabu mbele yake, na kwa penseli nyekundu akaandika nyuma ya mlango wa stoo: tarehe kumi na tano, mwezi wa saba, na mwaka uliokuwa mbali mno hata kuusoma kulichekesha.

Miaka ikaenda. Binti alikua, akasoma, akawa mpimaji wa maabara katika hospitali ya mji mwingine, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Kila akija likizo alipita kiwandani kutazama mlango. Uliwahi kupakwa rangi mara mbili. Rula alimwambia fundi wa rangi azunguke maandishi. Ilikuwa kama mzaha wa nyumbani kwao, lakini kila mmoja alijua kwamba mwenzake hatanii.

Kiwanda kilikuwa kikichapa kalenda za ukutani, nakala mia nne kila mwaka, zikagawiwa madukani, mashuleni, zahanati, majumbani. Mwaka ulipotimia, Rula alimwendea Mama Mashine akamwomba nafasi kwenye kisanduku cha tarehe kumi na tano mwezi wa saba. Wino mwekundu: kupatwa kwa jua, saa sita mchana.

Mama Mashine alimuuliza kama ana uhakika. Alimjibu kwamba kitabu kimesema. Mama akatazama mashine, akatazama mikono yake, akasema, "Wewe hujawahi kunikosesha. Chapa."

Hilo neno lilikuja kumtafuna baadaye.

Kalenda zikatoka. Na mwezi wa kwanza haujaisha, mwalimu, mzee sasa na mkongojo wake, akaja kiwandani kumuulizia. Rula alimwona kupitia kioo cha mapokezi, akamnong'oneza dada wa mapokezi aseme amesafiri, akajitosa kwenye stoo akasimama nyuma ya mlango. Aliamini mzee amekuja kudai mstari wake. Mwezi wa pili akaja tena. Rula akasafiri tena bila kuvua aproni. Mwezi wa nne akaja mara ya tatu, akakaa muda mrefu, akaondoka. Rula akashusha pumzi, akajiona mjanja.

Siku zilipokaribia, watu wenye simu nzuri walihakikisha. Na simu ikakubali! Ndiyo, tarehe kumi na tano jua litapatwa. Kichwa cha habari kilisema hivyo waziwazi. Kwamba chini ya kichwa kulikuwa na habari, na kwamba habari husomwa, hilo ni jambo ambalo ukoo wetu wa watu wa simu bado tunalifikiria. Sifa za Rula zikapanda. Fundi wa kuchomelea akavunja vioo vyake vyeusi vipande vipande vya kugawia watu. Mkuu wa shule akapanga wanafunzi watolewe nje. Binti akabadilishana zamu na wenzake watatu, akasafiri siku nzima, akafika jioni ya tarehe kumi na nne na mfuko mmoja. Usiku walikula wakitazamana na kutabasamu kama wezi.

Siku ilipofika, uwanja mdogo wa mbele ya kiwanda ulijaa tangu saa tano. Viti vya mapokezi vilitolewa nje. Mafundi cherehani walifunga kazi. Watoto wa shule walikaa chini kwa mistari, na Rula, moyoni, aliipenda sana ile mistari. Binti alisimama karibu naye, kipande cha kioo mkononi.

Saa sita ikafika. Watu wote wakainua vioo.

Jua lilikuwa zima. Zima kabisa, duara, limeshiba, kama lililoamka vizuri.

Walingoja. Saa sita na robo mtu mmoja akasema anaona limeanza kuliwa chini kulia, wakatazama wote, ilikuwa alama ya kidole kwenye kioo chake. Saa sita na nusu kiwingu kikapita, watoto wakapiga makofi. Fundi wa kuchomelea akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akauliza kwa upole kama jua lilipewa taarifa. Mwingine akasema labda limezima simu. Kinyozi akasema yeye safari hii amemaliza kichwa kizima na bado anasubiri. Kicheko kilianza kidogo, kikatambaa, kikapata miguu.

Rula hakucheka. Jasho lilimshuka mgongoni likafuata mstari wa uti. Aliitoa mfukoni kalenda aliyoikunja, akaisoma, kana kwamba karatasi ingeweza kubadili mawazo. Alitaka kuomba dakika kumi zaidi, kisha akaona aibu kuomba dakika kwa watu kana kwamba jua ni lake.

Saa saba mkuu wa shule akawasimamisha watoto. "Mwambieni fundi Rula asante," akasema, "ametupa mapumziko marefu." Nao, kwa sauti moja, kwa heshima zote walizofundishwa, wakasema asante fundi. Sauti mia mbili. Hakuna tusi lililowahi kumpata likamwingia hivyo.

Mama Mashine hakumtukana. Alipita karibu yake akiwa amebeba kiti, akasema kwa sauti ya chini, ambayo si yake, kwamba jina kwenye kalenda zile ni la kiwanda, si la Rula. Akaingia ndani.

Mwisho uwanja ukabaki na watu wawili. Binti alikuwa bado ameshika kioo chake. Alikitazama, akakifuta kwa kanga ya bega, akakitia mfukoni.

"Twende ndani, baba," akasema. "Jua kali."

Rula aliingia, lakini hakwenda kwenye mashine. Alikwenda stoo, akakaa juu ya marundo ya karatasi, mikono mapajani, na alipogundua amekaa vipi na wapi, akataka sakafu ipasuke immeze pamoja na karatasi zake. Binti akaja akasimama mlangoni. Hakumuuliza kilichotokea. Aliuliza kama yule mwandishi wa kitabu yu hai bado.

Ndipo Rula akasema. Alisema yote, akiangalia viatu vyake: kisu, mstari, ile kauli yake ya nani atauona, miaka ya kuvuka barabara, na kwamba mzee amekuja mara tatu mwaka huu naye akasafiri mara tatu humuhumu stoo. Aliposema hilo la mwisho alijisikia, na lilisikika la kitoto kuliko alivyodhani.

"Kwa hiyo na wewe umejifungia humu," binti akasema. "Nyanyuka, twende."

Mwalimu aliishi na mkamwana wake katika vyumba viwili nyuma ya zahanati. Walimkuta amekaa dirishani, blanketi miguuni ijapokuwa kulikuwa na joto. Rula akatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akawaonyesha viti, akamwambia binti kwamba anafanana na mama yake. Kisha akamwomba mkamwana amletee kijitabu kutoka chini ya kitanda.

Akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Chini kabisa, pale karatasi ilipokatiwa, kwa herufi ndogo za wino wa buluu zilizobanana kama abiria, palikuwa na mstari: na theluthi moja ya siku, kwa hiyo kivuli hakirudi mahali pale pale, bali huangukia watu wengine, mbali upande wa magharibi.

Rula aliusoma mara mbili. Binti aliusoma mara moja, akafumba macho.

"Dunia haisimami kungoja," mwalimu akaeleza. "Mkao unarudi, lakini umechelewa theluthi ya siku, na sisi tumeshazunguka. Leo saa mbili usiku, sisi tukiwa tunakula, wao kule watakuwa mchana, na kivuli kitawapitia. Tarehe yako ni sahihi kabisa, Rula. Ni sahihi kwa wengine."

"Ulikuja kuniambia," Rula akasema.

"Nilikuja mara tatu. Niliiona kalenda aliyoileta mkamwana. Nikasema hajachelewa, atachapa kijikaratasi cha kubandika juu yake, hakuna atakayejua."

"Nilidhani umekuja kunidai."

"Nilijua unadhani hivyo." Mzee akafunga kijitabu. "Mara ya tatu niliviona viatu vyako chini ya mlango."

Hapo Rula alitamani afokewe. Aliuliza, kwa sauti isiyofika popote, kwa nini basi hakugonga. Mwalimu akasema mtu aliyejificha ukimwita unamwaibisha mbele za watu, na yeye hakutaka kumwaibisha. Alisema hivyo bila kejeli hata chembe, na mkamwana, aliyekuwa akisikia kutoka chumba cha pili, akatoka nje ghafla, akibana kicheko, kama aliyekumbuka nguo kwenye kamba.

Binti ndiye aliyeuliza litarudi lini huku. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole.

"Theluthi tatu ndiyo siku nzima," mwalimu akasema. "Kwa hiyo mizunguko mitatu. Miaka hamsini na minne na mwezi na siku chache tangu lile la kwanza. Na hata hapo linasogea, mtapata kipande pengine, si zima."

"Imebaki thelathini na sita," binti akasema. "Nitakuwa na miaka sitini."

Rula akafungua mdomo.

"Usiahidi kitu, baba," akamkatiza.

Rula akainama, akasema samahani. Aliisema kwa mwalimu, kisha akageuka akaisema kwa binti, na ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu haikuwa ya mstari, ilikuwa ya komeo, naye binti alijua. Aliukunjua mkono wa baba yake uliokuwa ngumi, akaukunja tena, akauacha.

Mwalimu akasema kuna nakala kumi na moja ambazo hakuzimalizia, kiwiko chake kilichoka na watu wakaacha kununua. Rula akaziomba. Alikaa mezani pa mzee mpaka jioni akiandika mstari ule mara kumi na moja, na kati ya nakala ya tano na ya sita akaanza kufikiri juu ya mia tatu.

Asubuhi redio ilisema jua lilipatwa jana, ikataja watu wa mbali walivyoshangilia barabarani. Binti aliisikiliza akiwa amesimama, mfuko begani, kisha akaenda kupanda gari lake. Aliaga vizuri. Hakupita kiwandani kutazama mlango.

Rula alipita. Alichukua bisibisi, akaling'oa komeo la stoo, skrubu nne, akalitia kwenye pipa la vipande. Akachukua kalamu, akamwambia Mama Mashine anakwenda kusahihisha kalenda, zote, popote zilipo, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Mama akamuuliza anajua ni mia nne. Akasema anajua, alizikata yeye.

Alianza kwa aliye karibu na mwenye mdomo mkubwa, ili mabaya yapite mapema. Kwa fundi wa kuchomelea kalenda ilikuwa ukutani juu ya mitungi ya gesi, na vijana wa kazi walikuwa tayari wanamkonyeza tajiri wao. Fundi alimkaribisha kwa furaha nyingi mno. Alimuuliza kama kesho kutakuwa na jua au wangoje tangazo. Alimwambia vioo vyake vilivyovunjwa vinamsalimu. Rula aliitikia kila neno. Alipanda kwenye ndoo ileile iliyogeuzwa, akaegemeza kalenda ukutani kwa kiganja cha kushoto, na chini ya maandishi mekundu akaanza kuandika: na theluthi moja ya siku. Ukuta ulikuwa na mabonde, ndoo iliyumba, na mkono wake, ule wa miaka ishirini na sita, haukuwa na meza ya kuegemea.

Fundi akasogea, akafumba jicho moja kama alivyozoea kumwona yeye akifanya.

"Umepinda, Rula," akasema.

"Najua."

Akashuka kwenye ndoo, akaifunika kalamu yake, akaenda kwa kinyozi.